Mmoja Hafugwi

Nilitaka mmoja tu, wa kunipunguzia nyasi.
Triinu, binti wa jirani, mwenye miaka kumi na mmoja
na magoti yenye makovu, alinitazama
kama anayemtazama mgeni akinywa mchuzi kwa uma.
"Mmoja hafugwi," akasema. "Mmoja atalia mpaka afe.
Chukua watatu, ili akifa mmoja
wabaki wawili wa kuulizana."

Nikachukua watatu.

Miaka kumi na tisa niliendesha tramu Tallinn:
reli inakupeleka, wewe kazi yako kengele.
Kisha shangazi Salme akafa, akaniachia huku Saaremaa
nyumba ya paa la matete, ukuta uliochoka kusimama,
mireteni, mawe,
na mawe mengine chini ya hayo mawe.
Nilidhani uzio ni jambo la siku moja.
Ulinila wiki tatu na ukucha wa kidole gumba.
Tundu la wavu likiwa kubwa, kondoo hutia kichwa,
kwani majani ya upande wa pili
siku zote yametiwa chumvi na Mungu.
Kukitoa, hajui. Hiyo ni kazi yangu.

Mpole kama kondoo!
Aliyesema hayo hajawahi kumkalisha jike la kilo sitini
kitako, amkate kwato.
Hajaangushwa kwenye matope ya Septemba
akalala chali, akihesabu mawingu ya Baltiki,
na huyo mpole pembeni
anamtafunia kofia.

Nilijifunza kwa kukosea, shule yenye ada kubwa.
Nilinunua jiwe la kulamba, la ng'ombe, kwa kuwa lilikuwa rahisi.
Triinu alisoma karatasi yake, midomo ikicheza,
akalibeba kwa mikono miwili hadi barabarani.
"Lina shaba. Shaba humwua kondoo polepole.
Wanaonekana wazima, wanaonekana wazima,
halafu asubuhi moja hawaonekani wazima."
Sikumuuliza amejuaje.
Nyuma ya zizi lao nilikwisha kuona
vichuguu saba vya udongo, na juu ya kila kimoja
kengele ndogo, imeshika kutu.

Oktoba likaja dume la kuazima,
kifua kimepakwa rangi nyekundu.
Likatia sahihi migongo yote mitatu, likarudi kwao
bila kuaga.

Halafu giza. Jua la Desemba
lilikuja kama mkaguzi: likachungulia, likaondoka.
Nikahesabu marobota ya nyasi kavu
kama mama anavyohesabu vibaba vya unga mwezi ukiwa kwenye kona.
Usiku nilienda zizini bila sababu.
Walikuwa wakicheua, pumzi zao zikipanda mvuke,
nami nikasimama pale katikati ya joto lao
nikinuka kama wao, nisijali.

Machi, saa nane za usiku, yule mweusi wa uso
akaanza kukwaruza sakafu.
Kwato moja ilitoka. Kwato moja tu.
Mikono iliyozoea usukani wa chuma
ikaingia mahali pasipo taa wala ratiba,
ikatafuta goti lililokunjamana,
ikalipata, ikalinyoosha.
Wa kwanza alipiga chafya, akadai maziwa.
Wa pili nilimsugua kwa majani, nikampulizia puani,
nikamning'iniza kwa miguu, nikamtukana, nikamsihi.
Mama yake alimlamba hadi kulipopambazuka,
akimwita kwa ile sauti ya chini, ya kooni,
ambayo sikuwa nimeisikia kabla
na ambayo hakuitoa kwa ajili yangu.

Nilimfunga ndani ya koti langu la kazi,
lile la bluu, lenye vifungo vya kampuni.
Triinu alipita akienda kwenye basi la shule.
Aliona koleo. Hakusema pole.
Akafungua mkoba, akatoa kengele, mpya,
akaniwekea kiganjani.

Nilizoea kupiga kengele ili watu wapishe njia.
Hii niliishika kwa ulimi wake, isilie.

Zizini wanne walikuwa wakiniita.
Ndoo ya maji ilikuwa imeganda.
Nikaenda kuvunja barafu.